Chokaa, Saruji na Kuta za Kale za Pwani

Anayetembea katika mitaa ya Mji Mkongwe wa Unguja, au Lamu, au mji wa kale wa Mombasa, hakosi kuona jambo moja ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni fumbo. Ukuta uliopakwa lipu ya saruji, ambao ulipomalizika ulikuwa mgumu na laini kama sahani, umeanza kubanduka baada ya miaka michache tu. Lipu hiyo haianguki peke yake. Hutoka kwa mabamba makubwa, na nyuma ya kila bamba pameganda tabaka la jiwe la ukuta wenyewe, limeoza na kuwa unga. Hatua chache kutoka hapo pana ukuta mwingine ambao haujaguswa na fundi kwa miaka mingi. Lipu yake ya chokaa imechakaa, ina nyufa na imeota ukungu mweusi. Lakini ukiikwaruza utakuta jiwe lililo nyuma yake ni zima.

Mwenye ukuta wa kwanza hakuwa mzembe. Alitumia fedha, akachagua kitu kilicho imara zaidi ya vyote vilivyouzwa dukani, akataka nyumba ya babu yake idumu. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini uimara ule ule ndio uliomdhuru. Sehemu kubwa ya jibu imo katika masomo ya kemia na fizikia ya shule ya sekondari. Na jibu hilo hilo ndilo msingi wa elimu nzima ya kuhifadhi majengo ya kale, elimu ambayo huko Ulaya ilizua ugomvi mkubwa kwa zaidi ya miaka 100.

Ukuta ulivyojengwa

Majengo ya mawe ya pwani yetu, tangu misikiti ya Kilwa Kisiwani hadi majumba ya Unguja ya karne ya 19, yamejengwa kwa vitu vichache: mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na udongo mwekundu, pamoja na miti ya mikoko. Matumbawe yenyewe ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni jiwe la nchi kavu, yaani mabaki ya miamba ya bahari ya kale iliyoachwa juu ya maji. Ni jiwe lenye matundu mengi na umbo la hovyo. Namna ya pili hukatwa baharini likiwa bichi, hasa matumbawe ya jamii ya Porites, nalo huchongeka kwa urahisi kabla halijakauka na kuwa gumu. Hilo ndilo lililotumika katika mihrabu, matao na fremu za milango, mahali palipohitaji mkono wa fundi stadi.

Mikoko ilitoa boriti za dari, na boriti ndizo zilizoamua umbo la nyumba. Kwa kuwa haziwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa katika nafasi inayozidi mita 3 hivi, vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba. Wageni wengi wameandika kwamba umbo hilo ni mapenzi ya watu wa pwani. Huenda mapenzi yalikuwapo, lakini mkoko ulitangulia kuamua.

Kuta ni nene, aghalabu nusu mita au zaidi. Si mawe matupu: ndani yake vipande vya matumbawe vimelazwa katika chokaa, mchanga na udongo, kiasi kwamba sehemu kubwa ya ukuta ni hiyo chokaa inayoshika mawe. Anayesema “ukuta wa mawe” amesema nusu ya kweli. Yatupasa basi kuitazama chokaa kwa makini.

Safari ya jiwe

Matumbawe, kwa lugha ya kemia, ni kalsiamu kabonati, CaCO₃. Yakichomwa katika tanuri la magogo hadi kufikia joto la nyuzi 900 za Selsiasi au karibu na hapo, hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi na kubaki kalsiamu oksaidi, CaO, ambayo ni chokaa isiyozimwa. Mwanafunzi anaweza kukokotoa mwenyewe: kilo 100 za kalsiamu kabonati safi hutoa kilo 44 za hewa, na kilo 56 tu hubaki. Mchoma chokaa wa zamani hakuandika mlinganyo wowote, lakini aliujua ukweli huo mkononi mwake, kwa maana jiwe lililoiva ni jepesi sana kuliko lililoingia motoni.

Chokaa hiyo ikimwagiwa maji huchemka kwa kishindo na kutoa joto kali. Kilo 56 huchukua kilo 18 za maji na kuwa kilo 74 za kalsiamu hidroksaidi, Ca(OH)₂, ambayo ndiyo chokaa iliyozimwa. Mafundi waangalifu waliiacha shimoni chini ya maji kwa miezi, kwa sababu kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa laini na ndivyo inavyoshika vizuri.

Jambo la ajabu hutokea baada ya chokaa kuchanganywa na mchanga na kuwekwa ukutani. Polepole hufyonza kutoka hewani ile kaboni dayoksaidi iliyopotea katika tanuri, hutoa maji, na kuwa tena kalsiamu kabonati. Jiwe limekwenda safari na kurudi. Safari ya kurudi ni ndefu: chokaa hukomaa kuanzia juu kuelekea ndani kwa kiasi cha milimita 1 hivi kwa mwezi, na katika kiini cha ukuta mnene huchukua miaka mingi. Katika muda huo ukuta unaweza kuinama kidogo, kutulia na kujirekebisha bila kuvunjika. Hata nyufa nyembamba huweza kujiziba, kwani maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo kutoka pale ilipo nyingi na kuiacha ndani ya ufa yanapokauka.

Kwa hiyo mawe na kinachoyashika ni kitu kile kile katika hali mbili, na hupanuka, husinyaa na kupitisha unyevu kwa namna inayolingana.

Nguvu inayodhuru

Saruji ya Portland ilipewa hataza nchini Uingereza mwaka 1824 kwa jina la Joseph Aspdin. Ile tunayoitumia leo hutengenezwa kwa kuchoma chokaa na udongo wa mfinyanzi pamoja hadi nyuzi 1450 hivi, nayo haingoji hewa ili ishike. Hushikana na maji kwa saa chache na kupata sehemu kubwa ya nguvu yake katika mwezi mmoja. Hakuna sababu ya kuichukia. Bila saruji tusingekuwa na madaraja wala mabwawa tuliyo nayo. Lipu ya chokaa huvumilia mgandamizo wa nyutoni 1 au 2 kwa kila milimita ya mraba, ilhali mchanganyiko mzuri wa saruji huvumilia 10 na zaidi. Mhandisi aliyefundishwa kupima ubora kwa nguvu peke yake atachagua saruji kila mara, na wengi wetu tuliosomea ng'ambo hatukufundishwa kipimo kingine.

Lakini tazama yanayotokea saruji inapowekwa juu ya ukuta wa matumbawe. Kwanza, ni ngumu mno. Jua likiupiga ukuta mchana na usiku ukapoa, jiwe na lipu havicheki pamoja. Mvutano hujikusanya pale vinapokutana, na kinachovunjika ni kile kilicho dhaifu, yaani jiwe. Pili, saruji haipitishi unyevu kwa urahisi. Kuta za pwani zina maji daima: hupanda kutoka ardhini kupitia vitundu vyembamba vya jiwe, kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi, huingia kwenye mapaa yanayovuja, na siku hizi hutoka katika mabomba na vyoo vilivyotiwa ndani ya nyumba ambazo hazikujengwa kwa ajili hiyo. Lipu ya chokaa huyaruhusu maji haya yatoke nje kama jasho. Saruji huyafungia ndani, nayo hupanda juu zaidi kutafuta njia. Ndiyo maana katika nyumba iliyopakwa saruji chini mpaka kimo cha kiuno, madoa ya unyevu huonekana juu ya kimo hicho, na mwenye nyumba huamua kupandisha saruji kwa mita nyingine moja.

La tatu ndilo kubwa, nalo ni chumvi. Kuta hizi zimejaa chumvi ya bahari kutoka hewani, ardhini, na katika mchanga wa pwani ambao haukuoshwa. Chumvi iliyoyeyuka katika maji haina madhara makubwa. Hatari ni pale maji yanapokauka na fuwele za chumvi kuota ndani ya vitundu vya jiwe, zikisukuma kila upande mpaka jiwe lipasuke na kuwa unga. Sasa, chumvi ya kawaida, NaCl, ina tabia mahususi: unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, hufyonza maji na kuyeyuka, ukishuka chini ya hapo, huganda upya. Katika miji yetu ya pwani unyevu wa hewa hupita juu na chini ya kiwango hicho mara nyingi, pengine kati ya alfajiri na alasiri ya siku moja. Chumvi iliyo ukutani huyeyuka na kuota, huyeyuka na kuota, mwaka baada ya mwaka.

Chokaa haizuii jambo hilo. Inachofanya ni kubadilisha mahali linapotokea. Kwa kuwa lipu ya chokaa hupitisha maji, ukaukaji hufanyika karibu na uso wake, na fuwele huota ndani ya lipu. Lipu ndiyo huharibika. Nayo hukwanguliwa na kupakwa upya. Chini ya saruji ukaukaji hufanyika mbele ya kizuizi, ndani ya jiwe, na kinachoharibika ni kile ambacho hakiwezi kupakwa upya.

Hapa ndipo penye kanuni ambayo wanafunzi wengi wa uhandisi huipokea kwa mshangao: kiraka lazima kiwe dhaifu kuliko nguo. Kitu kinachoongezwa katika jengo la kale hakina budi kukubali kuumia kwanza.

Ugomvi wa Ulaya na msikiti wa Kilwa

Kanuni hii haikugunduliwa pwani peke yake. Huko Athens, mwanzoni mwa karne ya 20, mhandisi Nikolaos Balanos aliyarudisha mawe ya Parthenon mahali pake kwa kuyafunga kwa pingu za chuma. Wajenzi wa kale nao walitumia chuma, lakini walikifunika kwa risasi. Pingu mpya zilishika kutu. Na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, zikaipasua marumaru iliyokuwa imedumu zaidi ya miaka 2,300. Kuanzia miaka ya 1970 Wagiriki waliunda kamati ya wataalamu, wakaanza kuzitoa pingu hizo moja moja na kuweka nyingine za titani, metali isiyoshika kutu. Kazi ya kuondoa matengenezo imechukua muda mrefu kuliko matengenezo yenyewe.

Hata hivyo ugomvi mkuu wa Ulaya ulihusu swali jingine: jengo la kale lirudishwe katika hali gani? Mfaransa Viollet-le-Duc aliona kwamba mtengenezaji anaweza kulikamilisha jengo kama lilivyopaswa kuwa, hata kama halikupata kuwa hivyo. Mwingereza John Ruskin, katika kitabu chake cha mwaka 1849, alipinga vikali na kudai kwamba urejeshaji wa namna hiyo ni uharibifu uliojificha. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 ulitafuta njia ya kati: heshimu mchango wa kila zama katika jengo, kilicho kipya kitambulikane, ubunifu ukome pale ambapo kukisia kunaanza, na mbinu za kisasa zitumike pale tu ambapo zile za jadi hazitoshi, baada ya sayansi na uzoefu kuzithibitisha.

Msomaji asidhani maneno hayo ni ya Venice tu. Chukua Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Ukumbi wake wa kaskazini ni wa karne ya 11 au ya 12. Katika karne ya 14 uliongezwa ukumbi mkubwa upande wa kusini. Na sehemu hiyo ilihitaji kujengwa upya katika karne ya 15, kwa nguzo na kuba ambazo baadhi yake tunaziona leo. Anayesema “turudishe msikiti wa asili” na ajibu kwanza: wa karne ipi? Ukiurudisha wa karne ya 14, aliouona Ibn Battuta mwaka 1331 au ambao alikaribia kuuona, itakubidi ubomoe wa karne ya 15. Wahifadhi wamefanya vyema kuacha magofu yawe magofu na kuimarisha kilichosimama. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, vikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuimarisha kuta.

Mkataba wa Venice, kwa maoni yangu, una upungufu mmoja. Uliandikwa na watu wanaowaza jiwe lisiloguswa. Huko Ise, nchini Japani, hekalu la mbao hujengwa upya kila baada ya miaka 20, na hakuna Mjapani anayeliita bandia. Baraza la wataalamu lililokutana Nara mwaka 1994 lilikubali kwamba uhalisi wa jengo hupimwa kwa desturi za watu waliolijenga. Kwetu pia lipu ya chokaa haikukusudiwa kuwa ya milele. Kupaka upya ni sehemu ya maisha ya jengo, kama kunyoa ni sehemu ya maisha ya kichwa. Ufundi wa kuipaka ukipotea, jengo linapotea hata kama kuta zimesimama.

Gharama ya kufanya sawasawa

Haitakuwa haki kuwalaumu wenye nyumba. Saruji hununuliwa asubuhi na kupakwa jioni. Chokaa huhitaji kuloweshwa, kupakwa tabaka nyembambanyembamba, kukingwa na jua na kunyunyiziwa maji kwa majuma kadhaa. Familia nne zinazoishi katika nyumba moja iliyogawanywa, huku kila moja ikidhani paa ni jukumu la mwenzake, haziwezi kungoja. Kisha pana jambo ambalo wapenzi wa chokaa hulinyamazia: tanuri hula magogo mengi, na matumbawe ya baharini ni makazi ya samaki. Hatuwezi kuokoa nyumba kwa kumaliza mikoko na miamba. Njia iliyopo ni kutumia jiwe la nchi kavu, kuokota na kutumia tena mawe ya kuta zilizoanguka, na kuchoma chokaa katika matanuri yaliyofungwa ambayo hayapotezi joto. Huu ni uwanja mpana wa utafiti kwa vyuo vyetu, nao bado una watu wachache.

Wala jambo hili si la urembo tu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa wakati matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakafa. Jumba lile lilikuwa tofauti na majirani zake: lilichanganya kuta za matumbawe na nguzo za chuma na sakafu nzito za namna ambayo haikuwa imezoeleka Unguja. Majengo ya mchanganyiko kama hayo ndiyo magumu kuliko yote kuyahifadhi, kwa sababu kila kitu ndani yake huzeeka kwa mwendo wake. Lile swali la Kilwa limerudi hapo pia, maana mnara ulioanguka haukuwa wa Barghash. Uliunganishwa na jumba baada ya mizinga ya Waingereza ya mwaka 1896. Wakazi wa Venice walikabiliwa na swali hilo mnara wa kanisa la Mtakatifu Marko ulipoporomoka mwaka 1902. Walichagua kuujenga vile vile mahali pale pale, wakaufungua mwaka 1912, lakini ndani yake wakaweka muundo mwepesi na imara zaidi. Ruskin, aliyefariki mwaka 1900, asingewasamehe. Mimi naona hawakukosea, madhali walikuwa na picha na vipimo, hawakukisia, na hawakuficha kwamba mnara ni mpya.

Jaribio la darasani

Walimu wanaotaka kuonyesha mwendo wa maji na chumvi wanaweza kufanya jaribio lifuatalo. Tafuta matofali matatu ya kuchoma ya aina moja. Mwanzi wake hupitisha maji vizuri na hupatikana hata mbali na pwani. Yasimamishe wima. La kwanza lipake pande zote nne lipu ya chokaa iliyozimwa sehemu 1 kwa mchanga uliooshwa sehemu 3, kuanzia chini hadi nusu ya kimo. La pili lipake vivyo hivyo kwa saruji sehemu 1 na mchanga sehemu 3. La tatu liache tupu. Usiwape wanafunzi chokaa isiyozimwa, na hata iliyozimwa ishikwe kwa glavu, kwa kuwa huunguza macho na ngozi. Weka matofali yote kivulini kwa muda wa miezi miwili, ukilinyunyizia maji lile la chokaa mara kwa mara katika majuma ya kwanza.

Ukitaka kujua kama chokaa imekomaa, vunja kipande kidogo na ukidondoshee myeyusho wa finofthalini: sehemu iliyogeuka waridi bado ni kalsiamu hidroksaidi, na ile isiyobadilika rangi imerudi kuwa jiwe. Baadhi ya walimu hupenda kuongeza jaribio la kuyeyusha lipu ya kale katika asidi ya hidrokloriki ili kupata kiasi cha mchanga unaobaki. Pwani jaribio hilo hudanganya, kwa sababu mchanga wa ufukweni mara nyingi ni vipande vya kombe na matumbawe, nao huyeyuka pamoja na chokaa.

Matofali yakiwa tayari, yapime uzito, kisha yaweke katika sinia lenye maji ya kina cha sentimita 2, yaliyotiwa gramu 35 za chumvi kwa kila lita, kama bahari. Ongeza maji matupu yanapopungua. Kila juma andika mambo matatu: kimo cha unyevu katika kila tofali, mahali chumvi nyeupe inapotokea, na uzito wa vumbi linalodondoka ukipiga brashi laini. Angalia hasa ukingo wa juu wa lipu ya saruji. Baada ya majuma sita bandua lipu zote mbili kwa patasi, pole pole, na ukwaruze kwa ukucha uso wa tofali uliokuwa nyuma ya kila moja.